Mwenye Kingi Aanze Kusema

Kila Juni bajeti ya nchi inasomwa bungeni Dodoma, na sisi tunakaa karibu na redio kusikia nini kimepanda na nini kimeshuka. Leo nataka tuizungumze bajeti ambayo haisomwi popote. Ni ile ya nyumbani kwako, ya hela inayoingia na kutoka humo ndani, mara nyingi bila watu wawili kuiona kwa pamoja.

Nianze na jambo ambalo wengi mnalijua. Kila wiki, mitaani na vijijini kwetu, wapo wanawake, na siku hizi wanaume pia, wanaokaa kwa duara na sanduku la chuma likiwa katikati. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zake wanazo wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Likifunguliwa, hela inahesabiwa mbele ya macho ya wote. Anayenunua hisa anatajwa kwa jina na kiasi. Anayerejesha mkopo anatajwa. Aliyechelewa anatozwa faini palepale, naye anaitoa, maana ni sheria waliyojiwekea wenyewe. Hicho ndicho kikoba. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukaingia kwetu Tanzania miaka ya mwanzo ya 2000, na leo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha. Nguvu yake si riba wala sanduku. Nguvu yake ni kwamba hakuna shilingi inayohesabiwa gizani.

Sasa mfuate mama mmoja wa kikoba hicho anaporudi nyumbani. Ametoka mahali ambapo watu ishirini na tano wanajua ana hisa ngapi na anadaiwa kiasi gani. Anaingia kwake, na mwanamume anayelala naye kitanda kimoja hajui lolote kati ya hayo. Naye mama hajui mumewe anapata kiasi gani kwa mwezi. Anakisia tu, kwa kutazama viatu, kwa kusikia anavyoongea kwenye simu, kwa kuhesabu mara ngapi amerudi amechelewa.

Wala si kwamba mwanamume hajui kuhesabu. Dereva wa bajaji au bodaboda aliyepewa chombo kwa mkataba anajua kwamba jioni, mvua inyeshe jua liwake, lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Akipungukiwa elfu mbili anapiga simu kueleza: leo barabara ilifungwa, leo nimeziba pancha mbili, kesho nitafidia. Ndiyo heshima ya kazi. Lakini akishafika nyumbani, maelezo ya aina hiyo hayatoki tena. Tajiri anaelezwa kila kitu, na mke anaambiwa, "Leo hali mbaya."

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Tumezoea kumwambia methali hiyo mwenye duka. Mimi nadhani mwenye familia inamhusu zaidi, kwa sababu duka likifilisika unafunga mlango unatafuta kazi nyingine, lakini nyumba haina mlango wa namna hiyo.

Tuitazame hela ya matumizi, maana hapo ndipo ukimya unapoonekana kila siku. Asubuhi baba anaacha hela juu ya meza. Elfu kumi, tuseme. Mama anaichukua, na mazungumzo ya fedha ya siku hiyo yameishia hapo. Kesho yake vivyo hivyo. Elfu kumi kwa siku, kwa siku thelathini, ni laki tatu. Mwambie baba kwamba mwezi huu ametoa laki tatu za chakula, anashangaa, maana hakuwahi kuziona zikiwa pamoja. Kila siku yeye aliona elfu kumi tu, na kila jioni alisikia kwamba haikutosha. Kwa hiyo anajiona anatoa sana na halipwi shukrani, na mke naye anajiona anapewa kidogo na bado analaumiwa. Wote wawili wanasema kweli.

Mwulize mama huyohuyo, kama ungepewa laki na nusu tu tarehe moja, na iliyobaki ukaipata kidogokidogo, ungefanya nini? Hatafikiri mara mbili. Angechukua gunia la mkaa aachane na mkaa wa kopo. Angenunua dumu la mafuta ya kula aache kupimiwa. Angenunua mchele na maharage sokoni, kwa bei ya soko, badala ya nusu kilo nusu kilo kwenye kibanda cha jirani. Kila anayekaa uswahilini anajua kwamba kinachopimwa kidogo kidogo ndicho ghali kuliko vyote. Mwenye hela ya siku hununua kwa siku, na anayenunua kwa siku hulipa zaidi kwa chakula kilekile. Hivyo hela ya mezani inamfunga mama kwenye bei mbaya, halafu inapokwisha yeye ndiye anayeitwa mtumiaji mbaya.

Najua utaniambia kwamba kipato chenyewe ni cha siku. Bodaboda hapati laki na nusu tarehe moja, wala mama lishe, wala anayebeba mizigo Kariakoo. Ni kweli kabisa, na sitaki kuzungumza kana kwamba kila mtu ana mshahara wa benki. Lakini hapo ndipo mazungumzo yanapohitajika zaidi. Watu wawili wakikubaliana kwamba katika kila elfu kumi elfu mbili hailiwi, mwisho wa mwezi wana elfu sitini, na kwa elfu sitini vipo vitu kadhaa vya ndani vinavyoweza kununuliwa kwa jumla. Baba akiamua peke yake kuificha hiyo elfu mbili, mama ataona tu kwamba mezani pamebaki elfu nane, na atadhani kuna mtu mwingine anayepelekewa. Tofauti ya nyumba hizi mbili ni maneno ya dakika tano.

Kodi ya nyumba ni hivyohivyo. Mijini kwetu wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Chumba na sebule cha laki moja kwa mwezi kinakuwa laki sita siku moja. Ukizigawa kwa siku mia na themanini unapata kama 3,300 kwa siku. Nyumba ambamo mtu mmoja tu ndiye anayejua siku ya kodi, siku hiyo huja na ugomvi, mkopo wa haraka na simu za aibu kwa ndugu. Wakiijua wote wawili, hata mtoto mkubwa akaijua, siku hiyo huja ikiwa na nusu yake tayari.

Sasa nifike penye uzito. Wengine tunaposikia mke ana hela kwenye kikoba ambayo mume haijui, tunakimbilia kusema wanawake wa siku hizi ni wasiri. Mimi sikubali kuanzia hapo. Waulize wanawake kwa nini wanaficha, na usikilize bila kukatiza. Utasikia kisa kilekile kutoka Tanga hadi Kigoma: alipoanza kuuza vitumbua, mume akapunguza hela ya matumizi. Vitumbua vilipokubali, akaongeza maandazi, mume akaacha kulipa umeme. Alipofungua genge, mume akaacha kabisa, akasema, "Wewe si una biashara?" Kila alichoongeza yeye, mwenzake alikiondoa upande wake, na watoto hawakuona nyongeza yoyote. Mwanamke aliyepitia hayo, au aliyeyaona kwa mama yake, anaficha kwa sababu amejifunza kwamba hela inayojulikana ni hela inayochukuliwa. Huo ni ulinzi.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida, kwamba "wanandoa wawe wawazi", haunitoshi. Uwazi haugharimu sawa kwa kila mtu. Anayepata laki nane akisema anapata laki nane hapotezi kitu, isipokuwa uhuru wa kuzitumia bila kuulizwa. Anayejibana akapata elfu themanini kwa mwezi, akizitaja, anaweza kuzipoteza zote pamoja na haki yake ya kula bila kusimangwa. Basi anayeshika kingi ndiye anayepaswa kusema kwanza. Katika nyumba nyingi huyo ni mume. Katika nyingine, na zinaongezeka, ni mke, mwalimu au nesi mwenye mume ambaye vibarua vyake vimekatika, naye mama huyo ana wajibu uleule. Na akishasema wa kwanza, aseme na neno la pili: kwamba atakachokitaja mwenzake hakitapunguza kile anachotoa yeye. Bila ahadi hiyo, na bila kuitimiza miezi miwili mitatu mwenzake akiona, hakuna uwazi utakaorudi upande wa pili, na hana haki ya kuudai.

Upo ushahidi kwamba nyumba isiyokaa pamoja kwenye mali hupoteza mali, hata kama hakuna mlevi wala mwizi ndani yake. Mwaka 1996 mchumi Christopher Udry alichapisha uchunguzi wa mashamba ya familia za wakulima nchini Burkina Faso. Kule, mume ana vishamba vyake na mke ana vyake, ndani ya kaya moja, zao lilelile, mwaka uleule. Alikuta kwamba samadi karibu yote ilikuwa inakwenda kwenye mashamba ya wanaume, na nguvu kazi nyingi pia, hata pale ambapo shamba la mwanamume lilikuwa limekwishatosheka na shamba la mke lina njaa ya mbolea. Vishamba vya wake vilitoa mavuno pungufu kwa kama asilimia 30. Na kaya nzima ilipoteza takriban asilimia 6 ya mavuno yake, kwa kutogawana tu vitu walivyokuwa navyo tayari. Msikilizaji, hizo ni gunia sita katika kila gunia mia, zimepotea bila panya na bila ukame.

Uchaggani wanalijua jambo hili kwa namna yao. Kahawa kwa desturi ilikuwa mali ya baba, ndizi zikawa za mama, na mama alibeba mkungu kwenda sokoni akarudi na chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Ugawaji ule ulikuwa na maana yake, ulimpa kila mmoja eneo lisiloingiliwa, na sidhani tuubeze. Lakini bei ya kahawa ikianguka na baba asiseme, mama anaendelea kupanga ada ya shule kwa kutegemea hela isiyokuwepo. Unaweza kugawana mifuko na bado ukaambizana kilichomo.

Tuje kwenye madeni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani leo hii, kuliko mshahara, kuliko michepuko, deni la siri ndilo linalovunja nyumba nyingi.

Mnaijua mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama anachukua laki mbili. Dhamana ni vitu vya ndani: televisheni, friji, makochi, jiko la gesi. Afisa mikopo anakuja kuviandika mchana, mume akiwa kazini. Marejesho ni ya kila wiki, na wiki haina huruma. Mtoto akiugua wiki ya tatu, mama anakopa kwa mwingine ili alipe hapa, na wa tatu ili alipe kwa wa pili. Anaanza kuondoka nyumbani alfajiri siku ya marejesho, ili wakija wasimkute. Siku wanapokuja kubeba makochi, mume ndiyo kwanza anasikia kwamba kulikuwa na mkopo. Hapo haulizi tena deni ni la nini. Anauliza ni mangapi mengine amefichwa, na ndoa nyingi huishia kwenye swali hilo, wakati hela yenyewe mwanzoni ilikwenda kwenye sare za shule.

Akina baba nao wana kausha damu yao. Kuna mfanyakazi ambaye kadi yake ya benki na namba yake ya siri zimeshikwa na mkopeshaji. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine kwanza, anachukua chake, anamrudishia kilichobaki. Nyumbani mke anaambiwa mshahara umechelewa, au kuna makato mapya. Na wapo waliokopa kwa simu, kwa programu zile zinazokuomba ruhusa ya kuona majina yote uliyohifadhi, na ukichelewa siku moja wanamtumia ujumbe mkwe wako, mchungaji wako na bosi wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua hiyo ilihitajika. Lakini Benki Kuu haiwezi kuingia chumbani kwako ikakuambia mwenzako anadaiwa wapi.

Kwa hiyo mkikaa kwa mara ya kwanza kuzungumza hela, naomba msianze na mapato. Anzeni na madeni. Mapato yanaleta majivuno au lawama. Deni likitajwa na mwenye kudaiwa mwenyewe, kabla hajakamatwa, linaleta hofu ya pamoja, na watu wenye hofu moja wanasogeleana. Andikeni: nani anatudai, kiasi gani, marejesho lini, dhamana nini. Na anayesikiliza asipige kelele siku hiyo. Anaweza kuumia, anaweza kutoka nje akapunge upepo, lakini akipiga kelele leo, deni lijalo hatalisikia kutoka mdomoni mwa mwenzake. Atalisikia kwa afisa mikopo.

Wengine watauliza dini na sheria zinasemaje. Kwa Waislamu matunzo ya mke ni juu ya mume, na mali ya mke ni yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamtaka mume kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na malazi kwa kadiri ya uwezo wake, na inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kufanya kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Rufaa yake yeye mwenyewe haikufanikiwa, lakini kanuni ile imewasaidia wanawake wengi waliokuja baada yake. Kwa kauli ile mama anayesema "mimi sina kazi, nipo nyumbani tu" anajipunja, na mume anayesema "hela ni yangu, nimeitafuta mwenyewe" hasemi kweli. Nani alipika ukaenda kuitafuta? Tena nyumba mnayoishi haiwekwi rehani benki bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ardhi ya 1999 imelisema hilo, na ridhaa si sahihi ya kulazimishwa usiku.

Kuna ndugu pia. Hatuwezi kupanga matumizi kama watu wa nchi ambako nyumba ni baba, mama na watoto wawili. Sisi tuna mama kijijini, mdogo anayesoma chuo, shangazi anayehitaji dawa, michango ya harusi inayokuja na kadi mkononi, na misiba isiyotoa taarifa. Tangu kutuma hela kwa simu kuanze hapa Tanzania mwaka 2008, ndugu yuko karibu kuliko jirani. Anapiga saa tatu usiku, na saa tatu na dakika mbili hela imefika. Hilo limeokoa maisha ya watu, na mimi ni mmoja wa wanaolishukuru. Lakini pia limefanya kutuma kuwe jambo la mtu mmoja na kidole chake. Mume anatuma kwa mama yake kimya, mke anatuma kwa mama yake kimya, kila mmoja anadhani upande wake ndio unaopuuzwa, na wifi na shemeji wanaingia katikati bila kosa lao.

Mzee wa upande wowote ni mzee wenu. Tengeni fungu la wazazi mapema, la pande zote mbili, hata likiwa elfu ishirini ishirini, na litumwe na yule asiye mtoto wao wa kuzaa. Mkwe atume kwa mama mkwe. Nimeona nyumba zinazofanya hivi, na heshima iliyomo sijui niieleze vipi. Mama wa kijijini anapopokea hela kwa jina la mkwe wake, hawezi tena kuamini kwamba mwanawe ameolewa au ameoa mahali pabaya. Fungu likiisha, inawezekana kusema kwa sauti ya upole, "Mama, mwezi huu tumeishiwa, tutaona mwezi ujao." Tumeishiwa, wote wawili.

Kuna walio kwenye kipato cha msimu, na wao ninawafikiria kila ifikapo Oktoba minada ya korosho inapoanza Mtwara, Lindi na Ruvuma. Mkulima wa korosho au pamba anaweza kupokea kwa siku moja hela ya kula mwaka mzima. Siku hiyo wanakuja wauza pikipiki, wauza simu, wauza bati, na marafiki ambao msimu mzima hawakuonekana palizini. Mazungumzo ya nyumba ya mkulima hayawezi kusubiri malipo yaingie. Yafanyike mikorosho ikiwa bado ina maua, wakati hakuna hela ya kumlewesha mtu, na yaanze na chakula hadi mavuno yajayo, kisha dawa za kupulizia za msimu unaofuata. Bati na pikipiki zigombee kilichobaki.

Na kila mtu mzima ndani ya nyumba abaki na kiasi chake kidogo asichoulizwa. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu wapo wanaosikia neno uwazi wakadhani ni upekuzi. Mwanamke kununua kitenge bila kuandika maelezo, mwanamume kunywa soda na wenzake bila risiti, ni utu. Kiasi kikubalike, kilingane kwa wote wawili hata kama vipato havilingani, halafu kisifuatwe. Mtu anayepekuliwa mpaka mia mbili atajifunza kuficha laki mbili.

Watoto wasiachwe nje. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 katika shule za umma hadi kidato cha nne, mzigo ulipungua, lakini daftari, sare, viatu, nauli na michango bado vinakuja kwa pamoja mwezi uleule ambao sikukuu zimekausha kila kitu. Mtoto wa miaka kumi anaelewa ukimwambia mwezi huu ni viatu, begi ni mwezi wa tatu. Asichoelewa ni baba anayesema hana hela asubuhi na jioni anaonekana analipia wenzake. Wala usimtume mtoto akaombe hela kwa baba yake kwa sababu wewe mama unaogopa kuomba. Ukifanya hivyo unamfundisha kwamba hela huombwa kwa ujanja.

Jambo la mwisho ni zito, lakini redio isiposema nani atasema? Watu wanakufa na habari za mali zao. Baba anafariki, na siku arobaini baadaye mjane anajikuta anauliza marafiki wa marehemu alikuwa anaweka benki gani. Kiwanja alinunua, hati ya mauziano haionekani. Alikuwa kwenye SACCOS, haijulikani ipi. Kazini alijaza majina ya wategemezi miaka kumi na tano iliyopita, kabla ya watoto wawili kuzaliwa, na hakurudi tena kurekebisha. Mdai anajitokeza msibani, na hakuna anayejua kama anasema kweli. Kisha mirathi mahakamani, barua, nauli, miezi. Mengi ya mateso hayo yangezuiwa na karatasi moja iliyoandikwa na kuwekwa mahali ambapo wawili wanapajua: akaunti hizi, viwanja hivi, tunadai huku, tunadaiwa kule. Wanaotaka kwenda mbele zaidi, wakala wa serikali, RITA, huandika na kuhifadhi wosia, na kuandika wosia hakumwiti malaika.

Basi msikilizaji, ombi langu nalielekeza kwa upande mmoja. Wewe unayeshika kingi nyumbani, uwe mwanamume au mwanamke, mwezi huu hela ikiingia, kabla hujaigusa, mkalishe mwenzako mahali penye utulivu umwambie imeingia kiasi gani na unadaiwa kiasi gani, bila kupunguza hata elfu moja. Usisubiri akuulize, na usimdai yake siku hiyo. Atakuambia akiona yuko salama.